Tulivyofukarika Mtaa Mzima

Jumatatu, 3 Machi
Binti kapiga simu kutoka chuoni. Anasomea uchumi wa maendeleo, ile shahada inayokuja juu ya shahada. Mimi niliishia darasa la nne, lakini najua anachosoma: kwa nini maskini hawana kitu. Ningemweleza hapahapa jikoni, asingehitaji kwenda mbali hivyo.

Sasa anatafuta mtaa wa kufanyia utafiti. Wetu umo kwenye orodha yake. Kijana wa takwimu atakuja kwanza kuukagua. Ukifaa, binti mwenyewe atakuja kukaa mwezi mzima. Mwezi! Akawa anaanza kueleza mtaa wa namna gani unafaa, nikakata simu, nikakimbilia kubadilisha shuka za kitanda chake. Juzi pia nilibadilisha. Hakuna anayezilalia. Harufu yake imeshaondoka kwenye mto. Kosa langu, nafua mno.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo: hatujachakaa vya kutosha. Sakafu mpya. Makochi. Jirani yangu Mama Mapazia ana mapazia ya tabaka mbili, kama ikulu. Msomi gani ataletwa hapa?

Makochi nimeyapeleka kwa fundi cherehani, mtaa wa nyuma. Televisheni iko uvunguni. Nikamwomba Mama Mapazia ashushe mapazia yake. Akanicheka: tangu lini nimekuwa mkuu wa mafukara? Ikabidi nimdokeze kwamba huenda watakaoonekana hoi watasaidiwa. Sikusema uongo. Nilisema huenda.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mama Mapazia kaisambaza ile huenda yangu. Kufika adhuhuri, mtaa mzima umefukarika. Watu wamevaa nguo za kudekia. Yeye kashusha mapazia, kisha kang'oa na mlango! Mwanamke huyu hatanishinda hata kwa umaskini. Nimeficha vyombo vyote, nikabakiza sufuria moja. Mzee wangu kala chakula kwenye kifuniko cha sufuria. Alinitazama tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kijana wa takwimu kaja. Miwani, adabu tele. Nikamwambia hatuna hata pa kukalia. Akatazama sakafu. Alama za miguu ya makochi zilikuwa zinang'aa. Nikasema sakafu inaumwa.

Mama Mapazia akamwambia nyumba yake haijawahi kuwa na mlango. Bawaba zinameremeta!

Kisha mzee wangu akarudi kutoka kazini, akauliza mbele ya mgeni makochi yatarudi lini, mgongo unamuuma. Kijana akaandika. Akaandika sana.

Nikamuuliza kama binti anakula vizuri. Akasema hajui, humwona maktaba tu, kainamia vitabu. Moyo ukaniuma. Nikamletea maji kwenye kikombe cha binti, kile chenye maua, ndipo nikakumbuka hatuna vikombe.

Jumamosi, 8 Machi
Simu ya binti. Mtaa wetu umeachwa. Majibu yetu hayaaminiki.

Tena kumbe hawakutafuta mafukara! Walitaka mtaa uliokuwa chini ukainuka, wajue uliinukaje. Binti alikuwa ameutaja wetu wa kwanza: kwa ile sakafu, kwa yale makochi, hata kwa mapazia ya jirani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nakwambia, mama. Ukakata simu."

Kisha akasema polepole, "Nilikuwa nimeshafunga begi."

Akauliza kama nalia. Nikamwambia ni mafua.

Jumapili, 9 Machi
Makochi yamerudi. Mlango wa Mama Mapazia umekataa kuingia mahali pake, na yeye kakataa salamu zangu. Mzee wangu kakalia kochi lake kama sultani, akasema tungempigia mtoto tumwambie tu kwamba tumemkumbuka, aje. Nikamwonea huruma. Hajui lolote kuhusu uchumi.

Mimi nina mpango. Utafiti haujaisha, lazima watatafuta mtaa mwingine ulioinuka. Basi sisi tutainuka! Fundi cherehani kakubali kunishonea mapazia ya tabaka tatu. Mama Mapazia nitamdokeza kwamba huenda kuna tuzo. Huenda.

Jioni niko juu ya kiti, nagongelea fimbo ya pazia chumbani kwa binti, simu ikalia. Ni yeye. Akasema begi hajalifungua bado, na kuna basi la Ijumaa, sasa alikuwa anafikiri…

Nikamwambia nina misumari mdomoni. Nikakata.