Siri ya Mpishi wa Merikebu

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Wakili ana miaka tisa, Mzee ana sita. Ndiyo majina yao ya nyumbani: binti hubishia kila kitu, na mdogo wake hutembea mikono nyuma kama mstaafu. Wiki hii wataona filamu za Nahodha wa Upepo, zote tano. Nimengoja siku hii tangu Wakili azaliwe.

Jambo lenyewe si dogo. Mwisho wa filamu ya pili, yule mpishi wa merikebu anayemgombeza nahodha kila siku kwa kubakiza chakula anavua kilemba, na kumbe ni mama yake mzazi. Nilikuwa na miaka kumi. Niliruka kitini mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka. Nataka kuuona mshtuko ule kwenye nyuso za wanangu. Sina ombi jingine mwaka huu.

Tatizo ni ya nne na ya tano. Zilitengenezwa baadaye, lakini zinasimulia ya nyuma: mama alivyopotezana na mwanawe, akaishia kuwa mpishi. Ukianza na hizo, siri imekwisha. Mpangilio wangu: ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano, ndipo ya tatu. Nimeuandika, nikaupiga muhuri.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji kapita. Ni kaka wa mke wangu, kinyozi, na hakuna jambo asilokuwa na maoni nalo. Kasema hadithi huanzia mwanzo, kwa hiyo watoto waanze na ya nne. Nikamuuliza kwa upole kama yeye humweleza mteja atakavyoonekana kabla ya kumnyoa. Akasema ndiyo, ndiyo kazi yenyewe. Nikamwongezea chai.

Wakati wa kuondoka alimpa Wakili peremende, akamwambia amuulize baba habari za mpishi. Mtu huyu hafai kuaminiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Hatua za usalama. Makasha ya filamu yana picha, na kwenye la nne mpishi amebeba kichanga. Nimeyaficha yote juu ya kabati, chini ya blanketi. Diski zenyewe ni nakala tu, hazina maandishi. Nimezitia kwenye bahasha nyeupe, nikazipanga ndani ya jalada, nikafunga kwa uzi. Hata Shemeji akivunja mlango ataambulia bahasha nyeupe tu.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na nne huu. Majalada yote ya ofisi yamepita mikononi mwangu na hakuna lililopotea. Watoto wana bahati.

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wangu kauliza kwa nini tusiweke filamu yoyote tu. Nikamweleza kwa saa nzima. Akakunja nguo zote za wiki. Mwishowe akasema amenielewa, ila kwa ile sauti anayowajibia watu wa bima.

Nimemkabidhi kazi moja. Kesho nitachelewa kidogo ofisini. Atoe diski ya kwanza kwenye jalada, aiweke mashineni, asibonyeze kitu mpaka nifike. Akayarudia maneno yangu neno kwa neno. Nimeridhika.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Watoto wameketi, wameshaoga, mashine iko tayari. Nikakaa sakafuni mbele yao, mgongo kwa runinga, simu mkononi nirekodi nyuso zao. Leo ilikuwa ya mazoezi, kesho ndiyo yenyewe. Nikabonyeza. Muziki. Macho yakawatoka, nikafurahi. Kisha nikasikia nahodha nyuma yangu akisema, “Mama, leo umepika nini?”

Nikageuka, simu bado inarekodi.

Ilikuwa filamu ya tatu. Mke wangu alichukua bahasha ya juu kabisa. Nikamwambia kila mtu anajua jalada huanzia chini: karatasi ya kwanza hulala chini kabisa, kila mpya huwekwa juu yake. Akasema yeye hajawahi kufanya kazi masjala, na kwake ya kwanza ni ile unayokutana nayo ukifungua. Nikamlaumu Shemeji kwa dakika chache, kwa mazoea tu, nikaacha.

Nilitaka kuizima. Wakili akatoa hoja nne za kupinga. Wakaitazama yote, wakacheka mpaka mwisho. Mimi nilikaa jikoni. Nimeumia, sifichi. Mtoto huambiwa siri mara moja tu, nami watoto ninao wawili.

Jumamosi, 9 Agosti

Wakili kaomba ya pili. Anataka kujua nahodha aliwezaje kula chakula cha mama yake kila siku asimtambue. Nikaiweka bila raha. Simu niliiacha chumbani.

Dakika za mwisho zikafika. Mpishi akapeleka mkono kwenye kilemba. Nikawatupia watoto jicho, na hawakuwa wakitazama runinga hata kidogo. Walikuwa wakinitazama mimi, wote wawili, wamenisogelea kabisa. Nikauliza kuna nini. Wakili akasema mama amewaambia hapa ndipo baba hushtuka, nao wamengoja filamu nzima waone.

Kilemba kikavuliwa. Nimekiona kikivuliwa zaidi ya mara thelathini. Nikalia mbele ya wanangu, wala sikuona haya. Mzee akanipigapiga goti, akasema pole baba, ni mama yake tu.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimekiri kwa mke wangu kwamba mpangilio si kitu, cha maana ni kukaa pamoja. Kafurahi sana. Kasema ataikumbuka tarehe hii.

Mchana kaja Shemeji na habari njema: mkewe ni mjamzito. Tumempongeza. Mke wangu kamkumbatia kaka yake, chai imemiminwa, watoto wanabishana juu ya jina. Nami nikanyanyuka taratibu, nikaingia chumbani, nikafungua jalada jipya.

Mtoto huyo hajui lolote kuhusu mpishi. Nina kama miaka sita ya kujiandaa, na siku yenyewe ikifika lazima baba yake awe safarini.