Bingwa wa Tumbo wa Mlango wa Buluu

Mfuko wa Bima ya Afya ya Umma uliwatangazia wanachama wake, kwa tarumbeta mbili na keki moja, kwamba uhaba wa madaktari bingwa wa tumbo umekwisha rasmi tangu saa nne asubuhi. Kila mwanachama sasa alikuwa na bingwa wake jirani, anayepokea kadi. Asiyemwona aliombwa aangalie vizuri.

Fundi cherehani mmoja aliipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Mumewe, seremala, tumbo lilikuwa likimsokota mwezi wa tatu huo, na suruali zake alishazipunguza kiuno mpaka mifuko ya nyuma ikakutana. Madaktari aliowapigia simu walikuwa wanapokea kila kitu isipokuwa kadi ya Mfuko. Basi alifunika cherehani, akaenda ofisini kwao.

"Una bahati, mama," karani alisema akitazama kompyuta. "Bingwa wenu yuko mkabala na kinyozi, mlango wa buluu."

"Hapo ni kwangu, mwanangu. Mimi nashona nguo."

Karani hakushtuka. Vigezo, alieleza kwa upole, vilikuwa vitatu: bingwa awe na leseni ya biashara, awe na benchi la kusubiria, na awe amewahi kukutwa kazini. Kigezo cha tatu kiliwaangusha madaktari wote wa wilaya.

"Basi nifuteni."

"Anayefuta ni Kamati ya Mabingwa."

"Iko wapi hiyo kamati?"

"Hongera," karani alisema, akampa mkono. "Wewe ndiye mwenyekiti."

Alirudi nyumbani na muhuri, pamoja na kitabu cha fomu za rufaa. Kufikia adhuhuri benchi lilikuwa limejaa, na kufikia Ijumaa foleni ilikuwa imempita kinyozi, ambaye hakulalamika, maana watu walisubiri mpaka nywele zikaota. Fundi aliwaambia ukweli wote: yeye tumbo la mtu analijua kwa futi kamba tu. Hakuna aliyeondoka.

"Angalau wewe umefungua mlango," dereva wa lori alisema. "Tupe rufaa."

Fomu ilitaka vitu viwili: jina la daktari wa tumbo anayelipwa na Mfuko, na saini ya Mkurugenzi Mkuu. Jina hilo hakuna aliyelijua, hata karani. Wakati huo seremala alikuwa hawezi tena kusukuma randa, na mkewe alianza kuogopa kweli kweli, woga ule wa kumfanya fundi mzoefu ashone mguu mmoja wa suruali mara mbili.

Wiki ya tatu Mkurugenzi Mkuu alifika mwenyewe, na waandishi wa habari, kumzindua bingwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," seremala alisema kwa shida kutoka kwenye benchi.

Mkurugenzi alikuwa ametoka kuzindua mambo manne mengine, na kila uzinduzi una chakula chake. Aliinua mkasi akate utepe, akajikunja, akakaa chini. Kamera zikamsogelea.

"Mama," alinong'ona, "niitie daktari wangu. Yule wa ghorofa nyeupe, nyuma ya benki."

"Anapokea kadi, mheshimiwa?"

"Yangu anapokea. Mfuko unamlipa kila mwezi."

Fundi alimuuliza jina la daktari huyo, naye akalitaja. Fundi akafungua kitabu akaandika, jina la mumewe kwanza, kisha wengine arobaini kama walivyokaa, akampakatisha Mkurugenzi fomu zote.

"Yangu iko wapi?"

"Ya chini kabisa, mheshimiwa. Umekuta watu."

Alizitazama kamera, akazitazama fomu, tumbo likamwamulia. Alisaini zote.

Alasiri hiyo, katika ghorofa nyeupe, seremala alipimwa, akaambiwa ni kidonda, tena kinatibika. Mkewe alilia mbele za watu bila kujificha, halafu akacheka, halafu akamuuliza daktari nani alimshonea koti lile, maana mabega yamekwenda upande.

Walipotoka walimkuta Mkurugenzi ameketi sakafuni, katikati ya muuza maziwa na kinyozi, ambaye alikuwa amegundua kwamba naye ana tumbo. Mwandishi mmoja aliinama akamuuliza mfumo mpya anauonaje. Mkurugenzi alifungua kinywa, akalisikiliza tumbo lake kwanza, kisha akatoa kauli yake ya kwanza ya kweli tangu ateuliwe.

"Unakwenda polepole sana," alisema.