Pointi Isiyosogea Ni Mimi, Si Nyiramahirwe

Goma, Keshero, tarehe 25 mwezi wa tano 2021

Kwa Papa Profesa Buhendwa, mwalimu wa hesabu,

Nakusalimia wewe na nyumba yako. Salamu zimeisha, sasa sikiliza.

Mujukuu wangu Alima, unayemufundisha, alichukua lungo langu la kupepetea maharagi akanieleza somo lako la holomofe, hizo hesabu za kusogeza duara. Umesema duara likisogezwa bila kitu chake kwenda nje, pointi inayobaki mahali pake ni moja tu. Hapo nikakupenda. Hiyo pointi ni mimi.

1. Lava ilipoingia mujini 2002, avenyu yote ilikimbia ikaniachia funguo za nyumba zao. Waasi walipoingia 2012, vilevile. Waliporudi walinikuta kwenye kiti changu.

2. Mulima umewaka tena Jumamosi, watu wanafunga mizigo. Safari hii nusu ya funguo imekwenda kwa jirani yangu Nyiramahirwe, anayesema eti naye hajasogea kamwe. Lakini wewe ulisema pointi zikibaki mbili, basi duara lote halikusogea. Kwa hiyo hakuna aliyekimbia? Na yale magodoro niliyoyaona vichwani, yalikuwa yanatembezwa? Mumoja wetu ni mwongo, na mimi najijua.

3. Mwaka 2012 huyo Nyiramahirwe alilala siku mbili mutaa wa Himbi kwa dada yake. Anasema alikwenda kusalimia. Na sufuria zote?

4. Ulisema tena kuna duara lisilobakiza pointi hata moja, na ukirudia kulisogeza, vyote vinaishia ukingoni. Hiyo futa ubaoni. Ukingo wa Goma ni ziwa. Mutu mwenye diploma hawaambii watoto wa watu maneno kama hayo.

Basi niandikie karatasi yenye muhuri: pointi ni Mwasiti wa Keshero. Nikimuonyesha Nyiramahirwe, atarudisha funguo saba, na watu watajua nani wa kumwachia nyumba.

Salamu kwa Mama Profesa, kwa watoto, na kwa yule mulinzi wa chuo aliyenizuia mulangoni.

Ni mimi, nipo palepale,
Mwasiti, koko ya Alima

N.B. Leo Alhamisi. Karatasi usiilete Keshero. Wametuamuru kutoka. Niko bandarini na kiti changu, nasubiri meli ya Bukavu. Nilipita kwa Nyiramahirwe kumwachia funguo zote, na wangu juu yake, sikumukuta. Nimemukuta hapa, mbele yangu kwenye foleni, funguo zake zikilia kiunoni. Ile ya namba nne, usifute.