Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu Siku ya Kuzindua Furushi la Kichanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika na ameniagiza nimwakilishe, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa maana hiyo ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Makamu wake, na yule ndugu anayewashikia mikoba, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, vitengo vidogo na madawati, Muuguzi Mkuu wa wodi ya wazazi iliyo hapo ng'ambo ya barabara, ambaye nimeambiwa ametoroka kazini kidogo tu kuja kutusikiliza, akina mama wajawazito mliosimama, akina baba mliokaa, wanahabari, na mafundi wa kipaza sauti hiki kinachokoroma: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza izingatiwe. (Makofi.)

Ndugu wananchi, Idara yangu ya Uratibu wa Zawadi za Watoto Wachanga, ambayo mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu wake, mwanzilishi wake na, bila kujisifu, akili yake, imefanya utafiti wa kina kupitia wataalamu waliokaa hotelini muda mrefu ili wasisumbuliwe na watoto, na utafiti huo umebaini jambo la kutisha, kwamba asilimia mia moja ya watoto huzaliwa bila nguo. (Minong'ono.) Bila nguo, ndugu zangu! Bila hata soksi! (Sauti ya mama mmoja: "Hilo mbona tunalijua?") Mnalijua, mama, lakini halikuwa kwenye ripoti. Sasa limo. (Makofi machache.)

Na tatizo haliishii hapo. Mama akijifungua, shangazi analeta blanketi. Mjomba analeta blanketi. Wafanyakazi wenzake wanachangishana wiki nzima, wanagombana, wananuniana, halafu wanaleta blanketi, tena lile zito lenye picha ya simba. Mwishowe mtoto ana mablanketi ya kutosha kituo kizima cha polisi, lakini nepi hana. Mimi mwenyewe ni shahidi. Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa nilimpelekea viatu vya ngozi, vyeusi, vya kamba. Binti yangu akaviangalia, akamwangalia mtoto, akaniuliza, "Baba, huyu anakwenda kikao gani?" (Kicheko.) Chekeni taratibu, ndugu zangu, maana hapo ndipo stratejia yote ilipozaliwa.

Tukabuni Furushi la Kichanga, ndani ya fremuweki jumuishi, shirikishi, endelevu na ya kidijitali. Mama mjamzito anajiandikisha, anataja anachohitaji, na ndugu, jirani na wafadhili wanachagua kila mmoja chake, ili asije akapata mabeseni kumi na kukosa taulo. Ni jambo rahisi. Na kwa kuwa lilikuwa rahisi mno, tulilipeleka kwenye kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaomba wakshopu, na leo najivunia kuwatangazia kwamba kuridhika kwa walengwa kumepanda kwa asilimia arobaini hata kabla huduma haijaanza kutolewa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Hapa mbele mnaona kigari cha mtoto cha kisasa kabisa. Afisa Itifaki, hebu kifungue wananchi wajionee. (Afisa Itifaki anabonyeza. Kigari hakifunguki.) Bonyeza kile kitufe chekundu. (Anabonyeza. Kigari kinafunguka kwa kishindo, kinajifunga tena na kuimeza tai ya Afisa hadi shingoni.) Mnaona? Kinashika vizuri. Mtoto haanguki. (Mama mmoja mjamzito: "Kitapita kwenye mlango wa chumba changu?") Dada yangu, swali zuri sana, ila upana wa milango uko chini ya idara nyingine.

(Kijana mwenye ovaroli lililotobolewatobolewa na cheche ananyoosha mkono.) Naam, kijana, maswali mwishoni, lakini kwa kuwa umesimama, sema. Wewe nani? ("Mimi fundi wa kuchomelea, Mheshimiwa. Mke wangu amejifungua alfajiri, hapo wodini. Mtoto wa kike.") Hongera sana! Mpigieni makofi! (Makofi na vigelegele.) Asante, kaa. ("Sijamaliza, Mheshimiwa. Wiki iliyopita mlitangaza redioni kwamba atakayejifungua wiki hii atapewa furushi hapa. Tulikuwa tumejipanga kwenda dukani, mke wangu akasema tusubiri la serikali. Sasa hatuna kitu. Mtoto nimemfunga shati langu.")

(Ukumbi mzima unageuka kumtazama fundi.)

Fundi, suala lako ni zito, nami nalichukulia kwa uzito huohuo. Shati lenyewe ni la mikono mirefu au mifupi? ("Mirefu.") Mirefu! Basi hali si mbaya kama nilivyoogopa. (Miguno.) Napenda kukuhakikishia kwamba ombi lako limepokelewa, litasajiliwa, litachakatwa, na mtoto wako ataingizwa kwenye awamu ya pailoti, yaani ya majaribio, mara tu atakapofikisha umri wa kutia saini.

(Mama mtu mzima anasimama kando ya fundi.) Naam, mama? ("Mimi mama mkwe wake. Hayo maboksi yaliyopangwa nyuma yako yana nini?") Hayo, mama yangu, ndiyo Furushi lenyewe, mbele ya macho yako. ("Vizuri. Mpe mkwe wangu moja, twende zetu. Mtoto ana baridi.") Mama, kuna utaratibu, haiwezekani mtu tu... Mama, jukwaani hapapandwi hivyo. Itifaki! Itifaki yuko wapi? (Itifaki bado yuko mikononi mwa kigari.) Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini usifungue hilo. (Mama mkwe anafungua boksi la kwanza. Anafungua la pili. Anaingiza mkono hadi begani katika la tatu, anatoa gazeti lililokunjwa. Kelele.)

Tulieni! Ndugu wananchi, tulieni, naomba nitoe ufafanuzi. Boksi hili si tupu. Boksi hili lina nafasi. Mtoto hukua, ndugu zangu, na kinachomfaa leo hakimfai mwezi ujao, kwa hiyo idara, kwa kuona mbali, haikutaka kumfunga mtoto kwenye saizi. (Mama mkwe: "Kwa hiyo nimfunike kwa nafasi?") Mama, tusitumie lugha ya jazba.

Muuguzi Mkuu ameomba kipaza sauti. Sikumpangia muda, lakini naona ameshakichukua. ("Fundi, tulia baba. Mtoto hahitaji mambo makubwa. Nepi. Fulana mbili tatu za kufunguka mbele, maana shingo yake bado laini, usije ukamvalisha kwa kichwani. Kofia. Shuka jepesi la kumfunga. Sabuni isiyo na manukato na beseni lake peke yake. Kigari, kitanda chenye muziki na taa, viatu, hayo ni furaha ya wakubwa. Mama mtoto naye apate kitu cha moto cha kunywa, wote huwa wanamsahau.") Asante, Muuguzi, maneno mazuri sana, yamo yote kwenye ripoti yetu, isipokuwa hayo uliyosema. (Kicheko.)

Endelea kurekodi, mwandishi, kuna tukio huku. Mama mmoja mjamzito, yule wa mlango mwembamba, amefungua mfuko wake, anatoa pakiti ya nepi. Anasema, "Wangu bado miezi miwili, nitanunua nyingine." Andika: nepi zimetolewa, idara ikiwa jukwaani. Mwenzake anatoa kofia mbili za sufu, moja bado ina sindano ya kufumia. Naona fulana, naona na shuka jepesi. Naona dada anakimbia nje, anarudi na beseni, limetoka kwa muuza nyanya aliye getini, nyanya zimewekwa chini. Mzee wa safu ya pili anampa fundi chupa yake ya chai, anamwambia, "Ya mama mtoto hiyo. Usionje." (Kicheko na makofi.) Mwingine anatangaza kwamba nyumbani ana mablanketi saba, anaomba mtu yeyote amsaidie kuyaondoa. Na fundi wetu, mtu wa kushika moto kila siku, analia. Kijana, futa machozi, wanapiga picha. Hebu ngojeni na mimi nisogee nionekane.

(Sauti kutoka nyuma: "Na wewe, Mheshimiwa, unatoa nini?") Mimi? Mimi natoa mwelekeo. (Kelele.) Natoa mwelekeo na dira! Mama mkwe, unakwenda wapi? Mama, huo utepe mwekundu ni wa uzinduzi. Utepe huo nakata mimi. Nina mkasi maalumu! (Mama mkwe anaufungua utepe wote kutoka kwenye nguzo, anafungia vitu vyote ndani ya shuka na kupiga fundo. Furushi linakaa vizuri.) Haya. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba Furushi limezinduliwa rasmi kwa njia ya kufungwa. (Vigelegele. Fundi na mama mkwe wake wanatoka mbio kuelekea wodini, Muuguzi Mkuu akiwafuata. Watu wote wanasimama na kuwapigia makofi. Mkurugenzi Mkuu anainama kuyapokea.)

Asanteni, asanteni, mnanipendelea. Kabla hamjaondoka, naomba tuseme pamoja. Kichanga hoyee! (Hoyee!) Furushi juu! (Juu!) Nepi kwanza! ("Hotuba baadaye!") Hilo la mwisho halikuwa kwenye maandishi yangu.

Sasa niingie kwenye shukrani. Namshukuru mwenye duka aliyetuazima kigari, na nitamshukuru zaidi akija na msumeno, maana Afisa Itifaki ameanza kubadilika rangi. Namshukuru kwa namna ya pekee msimamizi wa ukumbi huu, ambaye ndiye baba halisi wa shughuli hii, kwani wiki iliyopita, uzinduzi wa daraja ulipoahirishwa kwa sababu daraja lenyewe halijaonekana, alitupigia simu akasema viti vimeshapangwa na soda zimeshapoa, tafadhali tuzindue chochote. Nawashukuru wenzangu kwa kufikiri haraka. Mmoja wetu mke wake alikuwa mjamzito. Angekuwa mkulima, leo tungekuwa tumezindua trekta. Mradi huu, ndugu wananchi, hauna ofisi, hauna mtumishi, hauna nepi, na idara ninayoiongoza tumeianzisha asubuhi hii ndani ya gari tukija. Haukuwahi kuwapo hata siku moja, na ndiyo maana haujawahi kupata hati chafu ya mkaguzi wa hesabu. Mtu yeyote anayetarajia kujifungua kesho asije hapa kututafuta, hatatukuta; ajitahidi tu awapate watu hawa hawa. Asanteni kwa kunisikiliza.