Hesabu Iliyozidi Mia

Kosa lenyewe ni kiburi cha mtu aliyesoma jambo nusu na kulifundisha zima. Mwenye kosa ni mimi. Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ukoo wangu, na nawasimulia mwenyewe kabla shemeji zangu hawajawahi kuongeza chumvi.

Mnajua msimamo wangu juu ya michezo ya kubahatisha. Sijaubadilisha, wala sitaubadilisha. Basi dada yangu wa Kadutu alinipigia simu baada ya misa. Mwanawe Patient amepata mnunuzi wa pikipiki yake, na fedha yote anataka kuiweka juu ya mechi ya jioni hii. Pikipiki hiyo ndiyo inayomlisha yeye, mkewe na mtoto wao. Dada akasema: njoo umfundishe. (Angesema "njoo umwombee", ningefaulu.)

Nikavaa suti. Nikavaa na kofia yangu ya pama. Njiani nikaamua kwamba dhambi nisingeitaja hata kidogo, maana vijana wameizoea. Ningemshinda kwa hesabu.

Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani, ukoo umeketi, chupa zimefunguliwa. Mnunuzi naye alikuwapo, amekaa karibu na pikipiki kama mtu aliyekwisha kuizoea. Nsimire, mke wa Patient, alikuwa akigawa vinywaji. Binti huyu anafundisha hisabati sekondari. Jambo hilo nililijua tangu zamani, ila sikulipa uzito. Isitoshe, kwetu mke wa mpwa ni mkwe: hamkatizi mkwewe anaposema, wala hamsahihishi mbele za watu. Kwa hiyo hapakuwa na wa kunizuia. (Sasa naona hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe.)

Nikamwuliza Patient timu yake ina nguvu kiasi gani. Akajibu kwa utulivu kwamba wajuzi wa kituo chao cha pikipiki wanaipa tatu kwa mbili: nafasi tatu za kushinda dhidi ya mbili za kushindwa. Nikatabasamu. Nikaeleza kwamba maneno ya kituoni ni moshi mpaka yageuzwe kuwa asilimia, na kwamba mimi nitayageuza hapo hapo.

"Chukua tatu," nikasema, "gawanya kwa mbili. Unapata moja na nusu. Maana yake..."

Hapo moyo ulinitahadharisha. Sikuusikiliza. Mwenye suti hasimami katikati ya sentensi.

"Maana yake, uwezekano wa kushinda ni asilimia mia moja na hamsini."

Kuku akapita. Patient akaweka glasi yake chini, polepole, kwa heshima yote anayostahili kaka wa mama.

"Tonton, cent pour cent si njo mwisho?"

Nikamjibu kwamba asilimia mia si mwisho, hesabu za juu zina mambo yake.

"Basi hata bakipigwa, mi niko nashinda," akasema. "Nilikuwa na mashaka kidogo. Tonton amenitolea yote."

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Dada yangu peke yake hakucheka. Patient akatoa ufunguo mfukoni na kumgeukia mnunuzi, na mnunuzi akanyoosha mkono. Nilikuja kuiokoa pikipiki. Nilikuwa nimeiuza.

Ndipo Nsimire akasogea. Hakunitazama. Alisema na dada yangu.

"Maman, munisamehe. Papa alinituma bifuniko ya chupa, ya kumalizia mufano yake. Nilisahau."

Papa ndiye mimi, na sikuwa nimemtuma kitu. Nikatikisa kichwa kwa ukali, kama mtu aliyecheleweshewa kazi. (Uongo huo nitauungama.)

Akaomba kofia yangu. Akatia ndani vifuniko vitatu vya bia na viwili vya sucré, vile vya soda. Akasema kwamba, kama amenifahamu vizuri, bia ni kushinda na sucré ni kushindwa. Ukisema tatu kwa mbili unapima upande mmoja dhidi ya mwingine. Lakini mkono hauchagui upande. Mkono unaingia kofiani, na humo vyote vimo pamoja, vitano.

"Kwa hiyo tatu juu ya tano. Soixante pour cent, sitini juu ya mia. Na ile quarante, arobaini ya kushindwa, iko mule mule ndani, inangojea."

"Ndivyo hasa," nikasema.

Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Neema, weka ufunguo hapa juu ya meza, ingiza mukono. Ya bière, umeshinda. Ya sucré, moto, hii pikipiki, haiko tena, na kesho utuambie mutoto anakula nini."

Patient akaingiza mkono. Tukasikia vifuniko vikigongana. Alipapasa kimoja, akakiacha, akapapasa kingine. Meno ya kifuniko cha bia na ya soda ni yale yale. Alikaa hivyo muda mrefu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mkono ukatoka mtupu. Akauchukua ufunguo, akampa mkewe. Mnunuzi akamaliza chupa yake, akaaga.

Nami nikasimama ili niage kwa hadhi. Nikasema machache juu ya fadhila ya kiasi. Nikaichukua kofia, nikaivaa.

Vifuniko vilikuwa bado ndani. Vikaporomoka mabegani, vikabiringika hadi miguuni pa dada yangu, ambaye sasa alicheka mpaka akashika ukuta. Kimoja kiliingia ndani ya kola na hadi naandika haya sijakipata. Jina langu jipya, Tonton Cent Cinquante, yaani Mjomba Mia na Hamsini, lilifika nyumbani kabla yangu.

Narudia: kamari ni shimo. Ila anayetaka kuwaonyesha wengine kina cha shimo asikipime kwa kutumbukia. Mkicheka, tafadhali msizidi asilimia mia. Na mwenye swali juu ya hesabu asinipigie mimi. Ampigie Nsimire.