Nonka Tarpanova Hajafa

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemkosea Nonka Tarpanova. Niseme tu ukweli: nimemuua. Mwenyewe yuko Kazanlak, mzima, nadhani anachoma pilipili hoho kibarazani kama nchi nzima wiki hii. Lakini kwenye kundi letu la watu wa matangazo, pale Fesibuku, Nonka ni marehemu tangu jana. Muuaji ni mimi, Zapryan Kalaydzhiev, mwenye duka la kuchapisha, Plovdiv.

Nia ilikuwa njema. Karibu njema. Bi Evdokia, mkuu wa kundi, alitangaza kwamba Jumamosi tunakutana ana kwa ana, na jukwaa atapewa yule aliyeinua sauti ndogo. Yaani watu wanaoandika vizuri na hakuna anayewajua. Kila mwaka jukwaa ni la Lachezar. Ndevu za kuchongwa, meno kama vigae vya bafuni. Nikasema mwaka huu hapana. Mwaka huu ni mimi.

Nikatafuta sauti ndogo. Nikampata Nonka. Anaandika matangazo ya mtindi wa kondoo wa bai Manol, mzee mmoja wa milima ya Rodopi (bai ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanaume aliyetuzidi umri). Kila posti laiki tatu, mbili za ndugu zake. Nikafungua moja: "Mtindi huu utachelewa kufika. Njia ina kona nyingi, na dereva ana mama wa kusalimia."

Nikaweka kikombe chini.

Nikafungua nyingine: "Kondoo wetu wote ni wapole isipokuwa mmoja. Maziwa yake tumeyachanganya humo humo. Utamjua."

Jamani! Nikasoma zote mpaka kahawa ikapoa. Nilikuwa kama mtu aliyeingia kanisani kukwepa mvua tu, akakuta kwaya inaimba. Na mimi naandika PUNGUZO KUBWA kwa herufi nyekundu tangu enzi nilipokuwa na nywele!

Basi nikamtengenezea posti ya kumsifu. Picha yake ilikuwa mbaya: sweta la rangi ya chungwa, kasimama kando ya friji. Nikaitoa rangi, ikatulia. Nikaizungushia fremu nyembamba nyeusi. Jina kwa herufi kubwa. Chini yake: "Asante kwa kila neno ulilotuachia." Mkono ulikwenda wenyewe. Kumbe ulikwenda kule ulikozoea. Duka langu linakula kwa matangazo ya misiba. Yale ya kubandika milangoni na kwenye nguzo: picha, fremu nyeusi, jina. Siku ya arobaini unabandika tena, mwaka ukitimia tena. Nusu ya nguzo za mtaa huu nimezivisha mimi.

Komenti ya kwanza: Mungu amrehemu. Nikasema huyu ni mcha Mungu. Ya pili: udongo uwe mwepesi juu yake. Nikaita mke wangu, Ginka, aje aone watu walivyoguswa. Ginka akatazama skrini, akanitazama mimi, akauliza huyo mama kafa lini.

Kukosea ni kukosea. Dhambi yangu ni kwamba sikusahihisha. Bi Evdokia alikuwa ameshaniandikia: Zapryan, umetutoa machozi sote, Jumamosi jukwaa ni lako.

Nikafunga kompyuta. Nikala vizuri.

Jumanne, 8 Oktoba

Komenti hazina mwisho. Nimezisoma asubuhi yote, wateja wawili wa misiba wakasubiri.

Mama mmoja wa Ruse, muuza vigae, kaandika kwamba duka lilikuwa linafungwa. Nonka akamwambia afute tangazo lote, abakize mstari mmoja tu. Duka likasimama. Kijana wa Vidin hakuwahi kumwona Nonka, lakini kila alipoposti kitu na watu wote wakanyamaza, Nonka peke yake aliandika: hili nimelisoma mara mbili. Mstari mmoja huo, anasema, ndio uliomfanya asirudi kubeba mizigo. Mwingine. Na mwingine. Kumbe chini ya kundi letu la wapiga kelele kulikuwa na mto unapita, na hakuna aliyewahi kuusikia! Nywele za mikono zilinisimama. Za kichwani zingesimama pia zingekuwepo.

Saa ya chakula simu ikalia. Sauti ya mwanamke, anatafuna kitu. Akauliza kama anaongea na Zapryan Kalaydzhiev, matangazo ya misiba kwa bei nafuu. Nikasema ndiye, pole sana kwa msiba. Akasema ahsante, marehemu ni yeye.

Nilikaa chini. Akaendelea bila kupumua. Jirani kaja mlangoni na sahani ya ngano ya kuchemsha, ile ya wafu, kapokelewa na marehemu mwenyewe. Ngano wameila. Mama yake kasema sukari haikutosha. Hayo anacheka. Lakini bai Manol je? Bai Manol ndiye mteja wake wa pekee. Hawajawahi kuonana, wanaongea kwa simu tu. Kampigia kumwambia yu hai. Mzee kaona jina la marehemu linawaka kwenye simu, kapiga ishara ya msalaba, kaitupa simu kwenye ndoo ya maziwa! Na Lachezar, fisi yule, tayari kampigia mzee kwa simu ya mke wa mzee kumpa pole, na papo hapo kuomba kazi.

"Nisikilize, bai Zapryan," akasema. "Kuniua umeniua, hilo nakusamehe. Lakini ukininyima mtindi ule, nitakuja kukuzika mwenyewe."

Nikaapa nitasahihisha leo leo.

Sijasahihisha leo. Nimefikiri kwanza. Nikiufuta msiba, nafuta na sifa zote zile. Na jukwaa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimesahihisha! Nimeandika wazi: Nonka Tarpanova yu hai, kosa ni langu, samahani. Picha ya rangi, sweta na friji.

Laiki tatu. Mbili za ndugu zake.

Posti ya msiba bado inapanda. Fesibuku inawasukumia watu machozi tu, habari njema imekwama chini kama sarafu kwenye kochi. Nikajaribu kuufuta msiba wenyewe. Nimechelewa, watu wameshaunakili kila mahali. Muuza mtindi mmoja wa Plovdiv kawasha mshumaa kwenye rafu ya mtindi wa bai Manol. Lachezar kaandika chini ya sahihisho langu kwamba huzuni ina njia nyingi, tumvumilie Zapryan.

Ginka kasema kazi ni rahisi: nimpeleke mwanamke kwa mzee, mzee amshike mkono, yaishe. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Akasema ndiyo, niliona unafikiria, ulikuwa unakoroma.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nonka kaja kwa basi. Mwanamke mrefu, kicheko cha kuangusha mapazia, mfuko wa mbegu za alizeti mkononi. Nilitaka kupiga magoti pale pale stendi. Nikaishia kumbebea mfuko.

Njiani kuelekea milimani nikamsimulia komenti. Hakuwa amezisoma, alisema nani anasoma maombolezo yake. Nikamtajia mama wa vigae. Kijana wa Vidin. Akaacha kutafuna. Baada ya kona nyingi akauliza, sauti ndogo, kama kweli yule kijana aliandika hivyo. Nikasema kweli. Akageukia dirishani na hakugeuka tena mpaka kijijini.

Sasa, gari langu limeandikwa ubavuni: MATANGAZO YA MISIBA, TUNAFIKA POPOTE. Sikulifikiria hilo. Bai Manol aliliona linapanda kilima, akaona nani kakaa mbele, akafunga geti kwa mnyororo. Akajibanza nyuma ya kondoo na kutuomba, kwa heshima, turudi tulikotoka.

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtangaza. Akapiga msalaba mara ya pili.

Nonka akashika nguzo za geti na kupaza sauti:

"Manol! Vifuniko bado ni vya bluu?"

Akatikisa geti.

"Nimekwambia mwaka mzima! Bluu ni rangi ya dawa ya panya! Mtu anafungua mtindi anatafuta mzoga wa panya! Wewe mzee una kichwa au una mlango wa zizi?"

Kichwa kikachomoza nyuma ya kondoo. Macho yamejaa machozi. "Ni yeye," mzee akasema. "Hata mke wangu hanitukani hivyo." Akafungua mnyororo, wakakumbatiana, akamgusa mashavu kama anayechagua tikiti.

Rakia, pombe yetu kali ya matunda, ikaja, jibini ikaja. Lakini mzee ni mzee wa biashara. Akasema Lachezar ana jina. Wenye maduka wanamjua. "Wewe, binti yangu, hata kwa kufa hawakujui, wanajua fremu tu." Ameshampa Lachezar neno kwamba Jumapili watatia saini. Ila Jumamosi atashuka Plovdiv kwenye mkutano wetu. Watu wakimwona Nonka hai na wakimtaka kama walivyomtaka maiti, saini ni ya Nonka. La sivyo, anachukua ndevu.

Nonka kanitazama. Nikasema aniachie mimi. Mkono kifuani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefanya aibu. Nitaandika yote.

Mpango ulikuwa mzuri: pazia, muziki wa huzuni, mimi naungama, pazia linafunguka, Nonka huyo! Nonka akakataa pazia. Akasema atakaa nyuma kama watu.

Ukumbi ulijaa. Bi Evdokia akaomba dakika ya kumkumbuka marehemu. Wote wakasimama. Nonka naye nyuma kule akasimama, akainamisha kichwa, mbegu za alizeti mkononi.

Nikapanda. Nyuso zote kwangu. Watu wanalia na bado sijasema neno! Sijawahi kutazamwa hivyo, hata siku ya harusi yangu. Ungamo nilikuwa nalo mfukoni. Ulimi ukaenda wenyewe. Nikasema nilimjua Nonka vizuri. Nikasema nilikaa naye miaka mingi nikimfunza…

"Mwongo wewe! Tumejuana juzi!"

Kutoka nyuma. Mayowe! Mwanamke mmoja akaingia chini ya kiti. Bi Evdokia akanishika koti kana kwamba mimi ndiye nitakayekimbia, na kweli nilikuwa nimeshaanza. Nonka akaja polepole katikati ya viti, watu wanampisha, mwingine anamgusa sweta. Lile la chungwa.

Akachukua kipaza sauti. Nikangoja anitukane, na nilistahili. Hakuniangalia hata. Akauliza mama wa vigae wa Ruse yuko wapi, asimame aonekane. Mama akasimama. Nonka akamwambia: ule mstari mmoja haukuwa wangu, ulikuwa wako, ulikuwa chini kabisa ya tangazo, mimi niliufukua tu: "Baba alitandaza sakafu hii, nasi tulijifunza kutembea juu yake." Akamwita kijana wa Vidin. Akasema kwa kichwa tangazo lake la baiskeli kuukuu, lote, bila kukosea. Akaita mwingine. Na mwingine. Watu ambao mimi naketi nao kundini miaka na sikujua hata kama wana sura! Kila mmoja alisimama na mstari wake ukasemwa kwa sauti, mpaka nusu ya ukumbi imesimama na waliokaa ndio walioonekana wachache.

Mwisho akamwita Lachezar. Akamwambia: kabla ya meno hayo, ulipokuwa na laiki mbili, uliandika kuhusu kinyozi wa mtaani kwenu, na mpaka leo nikipita kwa kinyozi nacheka. Lachezar akafunika uso. Ndevu zote zikalowa.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya pazia nisilolihitaji. Sikuwa na wivu. Naandika tena kwa sababu sijazoea: sikuwa na wivu. Nilikuwa nimeachama tu, kama mtoto anayeona theluji ya kwanza.

Bai Manol alikuwa mstari wa mbele. Akainuka, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kuita kondoo kwamba vifuniko vitakuwa vyeupe. Nonka kabaki na mtindi wake. Lachezar mwenyewe ndiye aliyemkopesha mzee kalamu.

Nje nikaomba msamaha. Wa kweli, bila hotuba. Nonka akasema sawa. Ana ombi moja tu.

"Siku nyingine ukitaka kunisifu, bai Zapryan, niulize kwanza."

Nikasema neno hilo limeingia moyoni.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikutoka kitandani mapema, nikifikiria. Nimekuwa mtu mbaya. Nilimtumia yule mwanamke kupandia jukwaani, nikamdanganyia watu akiwa ndani ya ukumbi. Msamaha wa mdomo hautoshi kwa mtu wa kiwango kile. Lazima kiwe kitu cha kudumu.

Mchana nikaenda kwa mchonga mawe wa makaburini, tunajuana kikazi. Nimeagiza kibao cha marumaru cha kubandika ukutani mwa nyumba yake, mbele, barabarani, kila mpita njia asome. Jina lake kwa herufi za dhahabu. Chini yake: MWANDISHI. Chini tena, mwaka wa kuzaliwa na kistari. Mchonga mawe kasema nafasi baada ya kistari huwa anaiacha wazi, halipishi. Mtu mwema.

Naahidi hapa, kwa mkono wangu: Jumamosi tarehe 26, sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, kabla ya adhuhuri, nitakuwa Kazanlak na kibao, ngazi, nyundo na wapiga tarumbeta. Bi Evdokia nimeshamwalika, nitasema maneno machache. Ginka kauliza kama nimemuuliza Nonka.

Nimuulize! Nataka ashtuke.