Silinda ya Tatu Imegoma

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu anaolewa Jumamosi. Ameomba kitu kimoja tu: aende harusini kwa gari la marehemu babu yake, mimi nimekaa pembeni yake. Gari lenyewe limenizidi umri. Linawaka, ila injini inamisi: inanguruma mara tatu, ya nne inameza. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi magari. Akajitolea kulitazama bure. Nikamwambia asijisumbue, kazi ndogo hii. Shemeji huyuhuyu alisema mbele ya wakwe wapya kwamba hata msumari ukiniona unapinda. Basi! Jumamosi atalitazama gari nililolitengeneza mimi, na atanyamaza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwamba silinda mbovu hutafutwa injini ikiwa inaunguruma. Unachomoa waya wa plagi, mmoja mmoja. Injini ikilegea, silinda hiyo ni nzima. Isipobadilika, ndiye mgonjwa wako. Waya wa kwanza ulinipiga shoti hadi kwenye meno. Mke akauliza dirishani nalia nini. Nikasema naimba. Akasema wimbo huo asiusikie harusini.

Lakini mwizi nimemkamata: silinda ya tatu. Nikaweka plagi mpya. Inamisi. Nikaweka mpya nyingine. Inamisi vilevile, tena kwa dharau.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu. Nimempigia shemeji kwa simu ya jirani, sauti nimeikwaruza, najifanya mteja wa mbali. Akanieleza kwa upole: kama si plagi, basi ni waya, au kifuniko cha distribyuta, pale umeme unapogawiwa kwenda kila silinda. Nijaribu waya mmoja mmoja, nisiwe na pupa. Nikamshukuru kwa sauti ya kizee. Akasema hakuna neno, nimsalimie dada yake.

Sikula chakula cha mchana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mmoja mmoja ni kwa wenye muda. Nimechomoa nyaya zote nne kwa mpigo. Mimi si mjinga: kwanza nilizipaka namba kwa rangi ya kucha ya binti. Moja, mbili, tatu, nne, safi kabisa. Kuzirudisha ndipo nikagundua kwamba matundu ya kifuniko sikuyapaka namba. Ipi iingie wapi? Nikawa nabahatisha. Jaribio la sita, gari likapiga chafya ya moto kupitia kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, na kuondoka na nyusi yangu ya kushoto.

Binti akaja na kitambaa chenye maji, akanifuta uso. Akasema mjomba wake leo hana kazi nyingi gereji. Nikamwambia aniamini. Akasema mimi ananiamini, asichokiamini ni Jumamosi. Alipoingia ndani nilikaa kiti cha nyuma nikalia. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayeusoma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda kwa fundi cherehani kujaribu suti. Kurudi, gari linaunguruma uani, laini, haliruki hata pigo moja. Mke anakwepa macho yangu. Juu ya kiti kuna kifuniko cha zamani, kina ufa mwembamba kama unywele kwenye tundu la tatu. Jirani anasema shemeji alitumia nusu saa, akanawa, akaondoka bila kujigamba. Uungwana wa namna hiyo unachoma kuliko matusi. Sasa kesho watu wakilisifu gari, nitajibu nini?

Jumamosi, 9 Agosti

Niliamka na wazo. Nikizungusha skrubu ya kabureta, kidogo tu, nami nitakuwa nimeshiriki. Nikazungusha kidogo. Halafu kidogo tena. Gari likazima, binti na shela lake yuko mlangoni. Nikainama ndani ya boneti, nikatoka na grisi hadi viwikoni. Shemeji, aliyekuja kumsindikiza bibi harusi, akavua koti, akairudisha skrubu, injini ikatulia. Mimi na grisi ile, karibu na gauni jeupe? Nikakimbilia bombani. Binti akasubiri, akasubiri. Wakwe wakapiga simu mara ya tatu. Niliporudi na mikono misafi gari lilikuwa linakata kona, mke wangu amekaa mahali pangu.

Nilifika kwa pikipiki, watu wameshaketi. Binti alinikumbatia, akaniambia gari lingeweza hata kusukumwa, yeye alitaka tu nikae naye. Nilikosa pa kuuficha uso wangu.

Jioni, wakati wa kuagana, nimelisikia gari la mume wa binti. Lina kamlio upande wa kulia. Nimemnong'oneza mkwe wangu asimwambie shemeji, alilete Jumatatu.